Miviringo Mgongoni mwa Mama

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alizikwa kwa kwaya mbili, na kila aliyesimama kando ya kaburi alimsifu hadi nikadhani tumekosea msiba. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu mama alinibana mkono. Leo mama hayupo wa kunibana, kwa hiyo nitasema, na nitasema yote.

Tuliishi Panda, kambi ya wafanyakazi wa madini mjini Likasi, katika nyumba ya matofali ambayo baba alipewa na kampuni enzi zile bado ana kazi ya kweli. Mama alikuwa mtu wa Kasai, mkoa mwingine, mbali na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi kama wageni na kulala kituoni na masufuria yao wakingoja treni, mama hakuondoka. Baba aliweka kiti mlangoni, akakaa juu yake, akasema anayemtaka mke wake apite kwanza juu ya magoti yake. Wakati baba anasema hayo, shangazi, aliyekuja kwetu siku hiyo, alikuwa chumbani anafunga nguo za mama ndani ya kitenge. Alifunga vizuri, kwa mafundo ya kudumu. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na mimi ndiye niliyeyafungua mafundo yale kwa meno. Hapo ndipo chuki yangu ilipoanza, na sioni haya kuitaja.

Baadaye hakuna aliyefukuza mtu tena kwa kelele, maana njaa ilikuwa inatosha. Mtambo wa kampuni ulisimama kidogo kidogo, idara moja baada ya nyingine. Baba aliendelea kuamka alfajiri, kuvaa kofia yake ya kazi na kwenda kukaa na wenzake mbele ya karakana iliyofungwa, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Hospitalini ulikwenda na sindano yako, glavu zako na dawa yako, na mtu aliyekuwa navyo vyote hivyo angeweza kujitibu nyumbani. Shangazi, aliyekuwa mjane, alihamia kwetu na godoro lake na Biblia yake, akawa mkuu wa nyumba kabla godoro halijaingia mlangoni.

Aliyetulisha ni mama. Alikaanga mikate, yale madonge ya unga tunayokula na chai, akayauza kwenye njia panda ya kambi kabla jua halijapanda. Watu wasioijua Likasi hudhani Kongo yote ni joto. Waje kwetu mwezi wa sita, wakae nje alfajiri na kitenge kimoja mabegani, mbele yao mafuta yanachemka na nyuma yao upepo unatoka vilimani. Mama alikaa hivyo miaka. Mgongo ukaanza kumkaza, kisha bega, kisha ubavu wa kulia. Alikuwa akivuta pumzi ndefu na kuitoa kwa sauti, mchana kutwa, hata katikati ya sentensi ya mtu mwingine, na shangazi akasema hizo ni dharau.

Mjini, karibu na soko, kulikuwa na duka la Mchina aliyeuza beseni, balbu na kufuli. Nyuma ya duka, kwenye chumba chenye pazia la maua, mkewe alitibu watu. Alikuwa daktari huko kwao, daktari wa dawa za jadi za Kichina, na alikuwa mkali kama mwalimu wa masista. Nywele fupi, soksi ndani ya ndala, chupa ya maji ya moto haimtoki mkononi. Kiswahili chake alikiokota sokoni, na Kifaransa sijui wapi, akavichanganya bila kumwomba mtu radhi. Nilimpenda siku ile ile.

Nilimsindikiza mama ili nimsaidie kueleza. Kumbe hakukuwa na la kueleza. Daktari hakuuliza unaumwa wapi, alisema, "Ulimi." Mama akatoa ulimi. Akautazama juu, akautazama pembeni, akamwambia aunyanyue autazame chini. Kisha akachukua kifundo cha mkono wa mama, akaweka vidole vitatu pamoja, akafumba macho. Mapigo ya mkono wa kushoto yalimwambia habari moja na ya mkono wa kulia nyingine, na chini ya kila kidole kulikuwa na kiungo chake. Halafu akambonyeza mama chini ya mbavu, upande wa kulia, mama akaruka.

"Nani?" aliuliza daktari.

Hakuuliza nini, aliuliza nani. Mama akatazama ukuta. Mimi nikajibu, "Tantine," ndivyo tulivyomwita shangazi, na mama akanifinya paja.

Siku hiyo na siku nyingine nyingi zilizofuata alitueleza mwili kwa mikono na kwa maneno yake machache. Ndani ya mtu kuna pumzi inayotembea, na damu inaifuata. Ina njia zake, kutoka vidole vya miguu mpaka utosini. Inapopita vizuri, husikii kitu. Inaposimama, pale pale panauma. Nilielewa mara moja, kwa sababu sisi wa Panda tulikuwa mabingwa wa mabomba yasiyotoa maji. Baridi na upepo huingia kwa nyuma, kwenye shingo na kati ya mabega, hasa mtu akiwa amechoka, na vikishaingia vinaikaza ile njia. Kwa hiyo mama funika shingo, mama usinywe maji baridi, mama usioge kichwa ukalala na nywele mbichi. Chemsha tangawizi. Kula kilichopikwa, kula saa ile ile kila siku. Mama alicheka aliposikia hilo la mwisho, na daktari akamtazama mpaka akaacha.

Na viungo vya ndani, kila kimoja kina hisia yake. Huzuni hukaa mapafuni. Hofu hukaa kwenye figo. Nikamkumbuka baba, aliyeamka kwenda kukojoa mara kwa mara tangu mshahara ukatike, na kiuno kikimuuma. Fikra zinazozunguka bila kufika popote hulitesa tumbo. Na hasira ni ya ini. Hasira iliyomezwa hailiachi ini lipumue, nalo hubana mbavu, hupanda begani, humfanya mtu avute pumzi ndefu kutwa nzima. Sikuhitaji kushawishiwa. Sisi wenyewe tunasema maneno yanakata maini, na ya mama yalikuwa yamekatwa na mtu mmoja kwa miaka mingi.

Kwa baridi ya mgongoni alitumia vikombe vya kioo. Alishika pamba inayowaka kwa koleo, akaiingiza ndani ya kikombe na kuitoa upesi, akakibandika kikombe mgongoni kabla hakijapoa. Nyama ikainuka ndani ya kioo. Mama alisema anasikia kama mtu anamtua gunia lenye mzigo. Vikombe vilipong'olewa viliacha miviringo ya rangi ya biringani, na daktari akanionyesha kwa kidole: palipo peusi zaidi ndipo baridi ilipojaa. Siku zikipita alama hufifia zenyewe. Jioni ile mama alinyanyua sufuria ya mafuta kwa mikono yote miwili, akaishusha, akainyanyua tena bila sababu.

Sasa lazima niseme kuhusu bibi yangu, mama yake shangazi, ili ieleweke uovu ulikuwa wapi. Bibi huyo alikuwa muumikaji kijijini, mganga wa aina tunayoita mufumu. Alichanja ngozi kwa wembe, akabandika pembe ya mnyama juu ya chanjo, akafyonza hewa kwa tundu la nchani na kuziba kwa nta, na pembe ikavuta damu mbaya. Watu walitoka mbali kumfuata. Shangazi alipookoka, katika kanisa letu la mabati pale kambini, alizileta pembe za marehemu mama yake na kuzichoma mbele ya waumini. Kwa moto ule ndipo alipopata cheo. Akawa mkubwa wa akina mama wa maombi. Tangu hapo kanisani kwetu pembe ya kuumikia ilikuwa dhambi yenye jina lake, juu ya uzinzi na chini kidogo ya uuaji.

Shangazi alimwona mama akioga. Hakusema kitu nyumbani. Alingoja Jumapili, kanisa limejaa, akamwita mama mbele kana kwamba anataka kumwombea. Mama akaenda, maskini, na akapiga magoti. Shangazi akashika libaya yake kwa nyuma, blauzi ile ya kitenge aliyoivalia harusi ya jirani, akaivuta mpaka vifungo vikaruka.

"Muone!" alipaza sauti. "Bantu bote muone! Mugongo ya muke wa ndugu yangu! Ile njo alama ya pembe ya mufumu!"

Mama alisema, akiwa bado ameinama, anashikilia nguo kifuani, "Haina mufumu. Ni gilasi ya ule mama Muchinois, ya mjini."

"Gilasi ao pembe," akasema pasta, "shetani ni ule ule."

Baba alikuwa amekaa safu ya pili. Mtu yule yule aliyekaa juu ya kiti mlangoni aliangalia viatu vyake. Namwekea baba hilo moyoni mpaka leo, ingawa kwake nimeliweka mahali padogo kuliko kwa wengine.

Mama alifungiwa. Maana yake ni kwamba alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, haimbi, hashuhudii, hapokei meza ya Bwana. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa chakula. Shangazi alitangaza kwamba mikono iliyotoka kwa mufumu haiwezi kushika unga wa waliookoka. "Sitakula tena kintu ya mikono yake, na ndugu yangu asikule," akasema, na ndugu yake hakula. Mama alihamishiwa jiko la nje, kibanda chetu cha mabati nyuma ya nyumba, akapika huko sufuria yake na yangu. Shangazi alipika ya kwake na ya baba. Kila siku mama alisonga bukari, ugali wetu, akaweka sahani ya baba pembeni ikiwa imefunikwa, na kila siku sahani ile ilipoa hapo hapo. Kwenye njia panda wateja walipita wakitazama mbele. Wengine walinunua mikate kwa mwanamke wa upande wa pili, mwanamke ambaye mikate yake ilikuwa mibichi katikati, na wao wakijua.

Mwanamke ambaye mume wake hali chakula chake, huku majirani wote wanajua, hajaachika wala hajaolewa. Mama alianza kukonda. Heshima yake ndiyo niliyotaka kuirudisha, na sikutaka jingine duniani: watu wale wale waliomtazama mgongo wamwone anasafishwa, na mtu ale kutoka mkononi mwake.

Nilipomsimulia daktari, alipiga chupa yake ya maji mezani. Halafu akachukua mkono wangu, akaweka vidole vyake vitatu. Akasema mapigo yangu yamekaza kama uzi wa gitaa, na kwamba ini langu litaanza kunidai mapema kuliko la mama. Tembea, alisema. Imba. Lia kama unaweza. Usiihifadhi, itoe. Nilimwahidi kwamba nitaitoa. Sikumwambia nitamtolea nani.

Kwa kuwa mama hakuweza tena kwenda mjini bila kufuatwa na macho, daktari alinifundisha mimi vikombe. Alinifanya nijibandike pajani mpaka nikajua moto upi unatosha na upi unaunguza, na wapi usithubutu kubandika. Muda si mrefu habari za vita zikaanza kusogea, duka la mumewe likafagiliwa na watu wenye bunduki, na yeye na mumewe wakaondoka bila kuaga. Sikumwona tena. Mimi nilipata gilasi zangu kwa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi kwa Wazungu zamani: gilasi ndogo nene zilizokuja na mutarde, ile haradali ya Kizungu, midomo laini, hazipasuki kwa moto. Spiriti haikuwepo mji mzima. Nikatumia lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ambayo inawaka bluu safi kabisa. Nilimbandika mama karibu kila juma, ndani ya kibanda, na mama akanyooka mgongo. Hakuficha, hakutangaza.

Kisha bega la shangazi likafunga.

Sitasema nilisikitika. Lilianza kwa kuuma anapojifunga kitambaa cha kichwa, na mwisho mkono wa kulia ukakataa kupita usawa wa kifua. Daktari alikuwa amenieleza ugonjwa huo. Kwao wanauita bega la miaka hamsini, kwa sababu humjia mtu wa umri ule, nguvu zikipungua na baridi ikipata nafasi. Kwa mwanamke mwingine ingekuwa shida ya kufua na kusonga. Kwa shangazi ilikuwa aibu ya hadharani, maana ndiye aliyeongoza sifa, na katika kanisa letu anayeongoza sifa huinua mikono yote miwili. Yeye aliinua mmoja. Walimwombea, wakampaka mafuta, wakafunga kula. Mkono ukabaki pale pale. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba Mungu ameufunga mwenyewe kwa sababu anazozijua, na mimi niliyasikiliza manong'ono hayo kama mtu anayesikiliza redio.

Alikuja kibandani mchana mmoja, baba yuko mbele ya karakana yake. Alisimama kwenye kizingiti cha mahali alipomtupa mama, mkono wake mmoja umeushika mwingine.

"Mutoto," alisema, akinitazama mimi tu, "inaonekana uko najua kutengeneza bega."

Nilitaka kucheka usoni mwake. Mama, ambaye alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akasema bila kuinua kichwa, "Mufanyie. Bega ni bega." Akachukua ndoo yake akaenda bombani.

Basi nikaweka masharti. Nilimwambia nitamtibu mpaka mkono upande, na siku utakapopanda atasimama mbele ya kanisa na kusema ukweli: kwamba alama za mama hazikuwa za mufumu. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

"Mukono ikipanda, nitasema mbele ya bantu bote. Jina ya Yesu."

Nilimtibu vizuri. Watu wakisikia hadithi hii hudhani nilimchoma au nilimdanganya, hapana. Nilimpa tangawizi ya moto, nikamfunga bega kwa kitambaa cha sufu, nikamsugua kwenye njia zile nilizofundishwa, nikambandika gilasi mgongoni na begani, chini ya nguo, mahali ambapo hakuna atakayeona. Alikunja pua kwa harufu ya lutuku, akauliza kama hakuna kingine, nikamwambia hakuna. Aliendelea kuja, kila mara mama akiwa bombani au sokoni, na mkono ukaanza kupanda: mpaka kidevuni, mpaka sikioni. Uso wake ukalainika. Akaanza hata kuzungumza nami akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka wa mama.

Ndipo siku moja, Alhamisi, mkono umeshafika juu ya kichwa, gilasi zimesimama mgongoni, akasema kwa sauti ya mtu anayesinzia:

"Ya mama yangu ilikuwa inakata na wembe kwanza. Ya kwako haikate."

"Ndiyo, Tantine."

"Hata mugongo ya mama yako, ile siku niliangalia. Haikukuwa na chanjo hata moja."

Nilisimama na pamba yangu inawaka. Mtoto wa muumikaji. Bila shaka alijua. Kanisa zima lingeweza kukosea, pasta angeweza kukosea, kwa sababu kwetu mviringo mgongoni maana yake ni pembe. Yeye peke yake ndiye ambaye hangeweza kukosea, kwa kuwa alikua akitazama mgongo baada ya mgongo ukichanjwa uani kwao. Aliona hakuna chanjo, akavuta libaya.

"Sasa Tantine, utasema siku ya Mungu?" nilimuuliza. "Vile uliahidi?"

Akacheka kidogo, uso ukiwa kwenye mkeka. "Weye uko mutoto. Mambo ya kanisa ni ingine."

Niliona damu imepanda machoni mwangu, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwa mwalimu mzuri nilijua inatoka wapi. Nilichukua gilasi mbili za mwisho. Nikamwambia imebaki baridi kidogo juu, na kwamba avumilie. Nikambandika moja nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, na nyingine pembeni yake, palipo wazi hata kwa libaya yenye kola. Nikaziacha zikae mpaka ngozi ikageuka zambarau. Hakuwa na kioo cha kujitazama kisogoni. Alinishukuru, akajifunga kitambaa kwa mikono yote miwili, akatoka anatembea kama msichana.

Jumapili nilikaa na mama kwenye benchi lake la mwisho, mdomo umenikauka kwa furaha. Mama alivaa libaya ile ile iliyowahi kukatwa vifungo. Shangazi alisimama mbele kuongoza sifa. Alianza taratibu, akainua mkono wa kushoto, akawapa watu nafasi ya kutazama, akainua na wa kulia mpaka juu kabisa. Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Akageuka kumwelekea pasta, mikono juu, na kwa kugeuka akatupa kisogo. Vigelegele vya safu za mbele vikakatika. Nilimwona mama mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Mama," akasema pasta polepole, "nini iko kwa shingo yako?"

Shangazi akapeleka mkono kisogoni. Akapapasa, akakuta ngozi imevimba kwa mviringo. Macho yake yakanitafuta mpaka nyuma kabisa, yakanipata, na mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimelisubiri jicho lile tangu siku ya mafundo ya kitenge. Halafu, mbele ya macho yangu, mwanamke yule akavuta pumzi na kulia machozi halisi.

"Pasta, bandugu, minye nilikuwa naomba," akasema. "Siku ya ine. Nilisikia mikono ya moto pa mugongo, pa bega, pa shingo. Bwana alituma malaika. Alama ya vidole yake njo hii!"

Nani angemuuliza? Mkono uliokufa ulikuwa juu. Pasta akapaza haleluya, ngoma zikaingia, watu wakasukumana kwenda mbele kugusa shingo ile kwa baraka. Nilikuwa nimempamba. Alama zile zile zilizomtupa mama kibandani zilikuwa zinambeba shangazi juu ya mabega ya watu, na mimi ndiye niliyezichora kwa mkono wangu. Nilianza kuinuka ili nipige kelele, niseme lutuku, niseme mutarde, niseme mkeka. Mama aliniweka chini kwa kiganja kimoja na kuinuka yeye.

Alitembea katikati ya safu. Aliyefungiwa hatembei mpaka mbele, na watu walipomwona walipisha kwa kushangaa. Ngoma zikanyamaza moja moja. Alifika, akamwamkia pasta kwa heshima, akaelekea kwa waumini.

"Bandugu, Bwana asifiwe."

"Amina," wakajibu wachache, kwa mazoea.

"Ule malaika alipita na kwetu. Kwa jiko ya nje. Anapitaka kila juma."

Akageuka, akafungua libaya yake mwenyewe, kifungo kwa kifungo, bila haraka, akaishusha mpaka chini ya mabega. Nilikuwa nimembandika Ijumaa. Miviringo ilikuwa mibichi, safu mbili zilizonyooka, rangi ile ile, ukubwa ule ule wa ile iliyokuwa shingoni mwa shangazi, aliyesimama hatua moja kutoka kwake. Hata mtoto angeona ni kidole kimoja. Mama alisimama hivyo, mgongo umenyooka, mpaka kila aliyetaka kutazama akatazama.

Nilimwangalia pasta akipiga hesabu kichwani. Akimwita huyu mchawi, amemwita na yule. Akimwita yule mbarikiwa, basi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na sijawahi kuona jasho lililonifurahisha kiasi kile. Mwisho akasema, kwa sauti nyembamba, "Bwana asifiwe," na kanisa likajibu. Ikabidi shangazi amkumbatie mama, kwa kuwa wote walikuwa wakingoja. Alimkumbatia. Mama alifunga vifungo vyake na kwenda kukaa safu ya pili, kando ya baba, na baba akasogea kumpa nafasi.

Tulirudi nyumbani na watu nyuma yetu, majirani, akina mama wa maombi, wote wanaimba, wote wanataka kuingia nyumba iliyopitiwa na malaika mara mbili. Mama hakuingia. Alikwenda kibandani, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akasonga bukari, akapasha sombe iliyokuwa imebaki, na alipomaliza akavileta vyote sebuleni mwenyewe, mbele ya wageni. Baba alinawa kwanza. Alikata donge, akachovya, akala. Mama hakumtazama. Aliijaza sahani ya pili na kuiweka mbele ya shangazi.

"Sina njaa," shangazi akasema.

"Muntu mwenye malaika alimugusa," mama akauliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake na ambao ulinisimamisha nywele, "ataogopa bukari yangu?"

Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa mawifi. Kisha wakangoja. Shangazi alinitazama mimi, akamtazama ndugu yake, ambaye alikuwa anatafuna na kuangalia sahani. Alinyoosha ule mkono wa kulia niliomponyeshea, akakata donge, akala. Mama alibaki amesimama juu yake, mikono kiunoni, akihesabu kila tonge kwa macho mpaka chini ya sahani paonekane. Alipomaliza, mama akamwongezea.